Dawa za saratani zilizoanzia kwa sponji wa baharini

Sponji ni mnyama, ingawa wengi humdhania mmea. Hujishika mwambani na kuchuja chakula majini, hana pa kukimbilia. Kinga yake ni sumu, ambayo mara nyingi hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake, na sumu hiyo ndiyo inayochunguzwa kwa ajili ya saratani.

Mapema miaka ya 1950, mkemia Werner Bergmann alipata kwa sponji wa Karibiani, Tectitethya crypta, kemikali zinazofanana na vijenzi vya DNA, molekuli inayobeba urithi ndani ya seli, ila sukari yake ni ya aina tofauti, arabinosi. Wakemia wakaiga umbo hilo hadi ikapatikana sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 kutibu saratani ya damu. Seli inayojigawa huipokea kama tofali lake la kawaida, ujenzi wa DNA unakwama, seli inakufa.

Halikondrini B, kemikali nyingine ya sponji inayoua seli, ilikuwa na kikwazo kikubwa zaidi. Miaka ya 1980 watafiti wa Japani walikamua kilo 600 za sponji Halichondria okadai wakaambulia miligramu 12.5 tu za kemikali hiyo. Hapa ndipo dawa nyingi za baharini hufia: ukivuna za kutosha wagonjwa, unamaliza sponji. Mwaka 1992 kundi la mkemia Yoshito Kishi, Chuo Kikuu cha Harvard, liliiunda nzima maabara, na ikabainika kwamba nusu moja tu ya molekuli ndiyo inayoua seli. Nusu hiyo, ikiwa imerekebishwa, ndiyo eribulini, iliyoidhinishwa mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Huziba ncha za vijirija, yaani mirija midogo ndani ya seli inayotenganisha kromosomu seli inapojigawa, visirefuke.

Kuua seli kwenye kisahani cha maabara bado si tiba. Hata klorini inaziua. Kwa hiyo unga wa sponji usinywe kabisa kama dawa: haujulikani una sumu kiasi gani, na sponji wengi wana vijiba vya silika, madini ya kutengenezea kioo, vinavyochoma.

Eribulini yenyewe huingizwa mshipani, miligramu 1.4 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, siku ya 1 na ya 8 katika mzunguko wa siku 21. Damu hupimwa kabla ya kila dozi kwa sababu dawa hupunguza pia seli nyeupe. Nutrofili, aina ya seli nyeupe zinazopambana na bakteria, zikiwa chini ya 1,000 kwa mikrolita ya damu, dozi huahirishwa. Ganzi ya vidole mwambie daktari mapema. Homa ikifika nyuzi 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.