Kusi imeingia: ile "mita 2" ya kwenye utabiri sio unayoidhania

Wiki hizi simu ofisini kwetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa, zimekuwa nyingi na karibu zote ni lalamiko moja, "mlitoa angalizo la mawimbi ya mita 2 tukashinda nchi kavu, bahari ikawa shwari mpaka jioni, sasa hiyo hasara analipa nani?" Nimeona bora niandike mara moja kwa kirefu kuliko kumjibu mmoja mmoja, mana wengine wanapiga wakiwa washapandisha hasira na sisi nasi ni binadamu.

Tuelewane kwanza utabiri ule ni wa wapi. Ukisoma "baadhi ya maeneo ya ukanda wa pwani ya Bahari ya Hindi", alaf inafuata Lindi, Mtwara, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Tanga, Unguja na Pemba, sio kwamba tunazungumzia pale mchangani ulipoivuta ngalawa. Tunazungumzia maji ya nje ya mwamba, kwenye mikondo kati ya visiwa na huko kilindini. Na neno "baadhi" halijawekwa kwa mapambo, naomba lisomwe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa Nungwi kwenye kikao na wavuvi, mwezi wa 7 kusi, ule upepo wa msimu, imekolea. Saa 12 asubuhi nahodha mmoja mtu mzima akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye maji, akaniambia "mwanangu, wewe umesoma, hebu angalia mwenyewe, hii ndo bahari iliyochafuka?" Na kweli, maji yalikuwa yamelala, mpaka unaona kamba ya nanga inavyoshuka chini. Nikamwambia mzee wangu, tukae hapa mpaka saa 5. Nungwi iko ncha ya kaskazini ya Unguja, kusi inatokea kusini mashariki, kwahiyo kisiwa kizima kinakukinga mgongoni. Juu ya hapo alfajiri kuna umande, ule upepo wa nchi kavu kwenda baharini, unaipunguza nguvu kusi karibu na pwani. Jua likishapanda umande unakufa, upepo wa baharini unaingia, unaungana na kusi. Hata saa 5 haikufika, saa 4 na nusu tu ukiangalia upande wa Pemba ule mkondo wote umeota vichwa vyeupe na boti moja ya faiba ilikuwa inarudi, inapotea kabisa nyuma ya wimbi alaf inatokea tena. Mzee alinyamaza. Simcheki, macho yake yalimwambia ukweli wa pale aliposimama, ila yeye alikuwa anakwenda sehemu nyingine.

Sasa hiyo mita 2. Hapa ndo watu wengi wanapopotea, na niseme ukweli hata baadhi ya manahodha wenye vyeti. Tukiandika mawimbi yanafikia mita 2 hatusemi hilo ndo kubwa kuliko yote. Kitaalamu tunachukua theluthi moja ya mawimbi, yale makubwa makubwa, tunatafuta wastani wake. Maana yake kwenye mawimbi 7 kwa wastani moja linazidi hiyo mita 2. Kwenye mawimbi 100 lipo linalogusa mita 3, na kama yanapishana kila sekunde 6 basi mawimbi 100 ni dakika 10 tu. Lile la mita 4 utalisubiri kama masaa matano hivi, yani usiku mmoja wa kuvua dagaa unatosha kabisa kukutana nalo. Kwahiyo mtu akirudi akasema "mmesema mita 2, mimi nimepigwa na la mita 4", hajatukosoa, amethibitisha.

Upepo nao tunauandika kwa kilomita kwa saa, kilomita 40 ni kama noti 22, noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Ila kuna siku upepo haupo na bahari bado ni nzito, watu wanashangaa. Hayo mawimbi hayajazaliwa hapa. Kipindi hiki kuna dhoruba kubwa kusini kabisa ya bahari, chini ya Madagaska huko, mawimbi yake yanasafiri maelfu ya kilomita mpaka huku kwetu. Yanakuja marefu na yamepoa, nafasi kati ya moja na jingine ni kubwa, ukiwa kwenye kina kirefu unanyanyuliwa tu na kushushwa, shida ni yakifika kwenye mwamba au mlangoni mwa ghuba, pale yanasimama na kuvunja. Ukijumlisha na bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, ambapo Zanzibar maji yanaweza kupanda na kushuka karibu mita 4, maji yakitoka kwa kasi mlangoni yanakutana na wimbi linaloingia, hapo ndo chombo kinalala. Na tusisahau mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, ndo mana hata kaskazi, ambayo watu wanaiona ni upepo mwepesi, inafanya mawimbi mafupi yaliyosimama. Upepo unashuka kusini, maji yanapanda kaskazini, vinagombana. Haya wavuvi wanayajua kuliko mimi, nayapita.

Sasa twende kwenye rangi za taarifa zetu. Zipo tatu za hatari: njano ni angalizo, rangi ya machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Rangi haitokani na ukubwa wa upepo peke yake, tunapima vitu viwili, uwezekano wa jambo kutokea na athari zake likitokea, tunavikutanisha kwenye jedwali ndo rangi inatoka. Njano inaweza kuwa ni athari kubwa lakini uwezekano mdogo, au athari ndogo na uwezekano mkubwa, kwahiyo shuka chini kwenye maelezo, imeandikwa pale uwezekano ni upi na athari ni zipi. Alaf kuna tarehe ilipotolewa na tarehe ya siku husika, ni vitu viwili tofauti, wengi wanasoma ya juu tu.

Na niseme kwa herufi kubwa kama ingewezekana: SISI HATUFUNGI BANDARI. Watu wa hali ya hewa wanatoa taarifa. Kuzuia chombo kuondoka ni kazi ya wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, TASAC (shirika la uwakala wa meli) kwa bara na ZMA (mamlaka ya usafiri baharini) kwa Zanzibar. Boti yako ya saa 3 ikiahirishwa, kutupigia sisi ni kumaliza salio bure.

Jingine ni vimbunga. Nimechoka kusikia "mlitutisha na Jobo". Aprili 2021 Jobo ilikuwa inaelekea kwetu kweli, ikasambaratika kabla ya kufika. Tungekaa kimya? Mei 2024 Hidaya ikaja, ikafika mpaka Mafia, boti za Dar na Zanzibar zilisimama, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini pale Somanga. Kuna wanaosema huku kwetu vimbunga haviji kwa sababu tuko karibu na ikweta. Ni kweli ni nadra, mzunguko wa dunia karibu na ikweta hauna nguvu ya kukisokota kimbunga, ila nadra sio hakuna, waulizeni wazee wa Lindi habari za 1952, na Zanzibar ilivunjwa 1872, zote Aprili. Eneo lote la kusini magharibi mwa bahari hii linafuatiliwa na kituo cha Réunion, taarifa zake zinakwenda kila baada ya masaa 6, kwa masaa yetu data zinachukuliwa saa 9 usiku, saa 3 asubuhi, saa 9 alasiri na saa 3 usiku. Njia ya kimbunga hubadilika kati ya taarifa moja na nyingine, hiyo ni kawaida sio uongo. Kupewa jina kinaanzia upepo wa kilomita 63 kwa saa, hapo bado ni dhoruba tu, kimbunga chenyewe kinaanzia 118.

Ndo mana ile tabia ya kuchukua picha ya Hidaya ya mwaka ule na kuituma kwenye magrupu ya Whatsapp kama ya leo inatuudhi sana. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, kusambaza taarifa unayojua ni ya uongo kwa nia ya kupotosha umma ni faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Isiyopungua, sio isiyozidi. Na kutoa utabiri wako mwenyewe kwa umma bila kibali ni kosa chini ya sheria ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, Na. 2 ya 2019. Kuisambaza taarifa yetu kama ilivyo na tarehe yake hakuna shida, sambazeni.

Malalamiko tunayapokea, ila leta na tarehe, saa, ulikuwa wapi, na bahari ilikuwaje. Huko nje hatuna vituo kama nchi kavu, mtu aliyekuwepo anatusaidia kuliko mnavyofikiri. Yule mzee wa Nungwi siku hizi ananitumia voisi kabla ya swala ya asubuhi. Ya juzi ilikuwa fupi tu: "Umande upo, maji yamelala, lakini mwamba unanguruma tangu usiku. Sitoki."