Je, wajua kwamba aliyezaliwa siku ya uhuru wa Tanganyika hakuzaliwa chini ya Mshale?

Mtu aliyezaliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, akifungua ukurasa wa nyota katika gazeti ataambiwa kwamba yeye ni Mshale, kwa kuwa Mshale huhesabiwa kuanzia Novemba 23 hadi Desemba 21. Ndivyo atakavyoambiwa pia aliyezaliwa Unguja tarehe 10 Desemba 1963, Zanzibar ilipopata uhuru, na aliyezaliwa Nairobi siku mbili baadaye, Kenya ilipopata wake. Lakini kama ingewezekana kulifunika jua siku hizo na kutazama nyota zilizokuwa nyuma yake, wasingeliona kundi la Mshale. Wangeliona kundi liitwalo Ophiuchus, yaani mtu aliyeshika nyoka, ambalo halimo kabisa katika orodha ya magazeti. Hitilafu hii imetoka wapi?

Sehemu yake ni suala la mgawanyo tu. Kwa kuwa Dunia hulizunguka jua, sisi tulio juu yake huliona jua likihama polepole mbele ya nyota za mbali, na baada ya mwaka hurudi lilikoanzia. Yapata karne ya 5 kabla ya Kristo, watu wa Babeli waliikata njia hiyo vipande 12 vilivyo sawa, kila kimoja digrii 30, na kila kipande wakakipa jina la kundi la nyota lililokuwa karibu nacho. Makundi yenyewe, hata hivyo, hayakupangwa kwa rula. Kwa mipaka rasmi ya wanaastronomia, iliyochapishwa mwaka 1930, jua hukaa mbele ya Mashuke kwa siku zipatazo 45 na mbele ya Nge kwa wiki moja hivi tu. Kisha, tangu mwisho wa Novemba hadi tarehe 17 Desemba hivi, hupita mbele ya Ophiuchus. Wababeli walikuwa na miezi 12 ya kuhesabia, na huyu wa 13 akakosa nafasi.

Sababu kubwa zaidi, ambayo haiwahusu watu wa Desemba peke yao, imo katika umbo la Dunia. Dunia si tufe kamili, bali imetuna katikati, hata kipenyo chake cha ikweta kikazidi kile cha ncha hadi ncha kwa kilomita 43 hivi. Mwezi na jua huuvuta mtuno huo, na Dunia, kama pia ya mtoto inayozunguka huku ikiyumba, huuzungusha mhimili wake polepole, ikamaliza duara moja kwa miaka ipatayo 25,800. Kwa sababu hiyo, mahali linapokuwa jua siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana husogea mbele ya nyota, digrii moja kwa kila miaka 72. Mgiriki Hipparchus aliugundua mwendo huo katika karne ya 2 kabla ya Kristo kwa kulinganisha vipimo vyake na vya waliomtangulia. Tangu zama zake majina na nyota vimeachana kwa karibu kipande kizima: mtu wa mwanzoni mwa Aprili huitwa Punda, ilhali jua siku hizo lipo mbele ya Samaki.

Msomaji wa pwani anaijua hali inayofanana na hiyo. Mwaka wa Kiswahili, ule unaofunguliwa kwa Mwaka Kogwa kule Makunduchi, una siku 365 bila siku ya nyongeza, hivyo huteleza siku moja kila miaka minne; Nairuzi, yaani siku ya kwanza ya mwaka huo, iliyokuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti katika karne ya 19 sasa huadhimishwa Julai. Huko chanzo ni kalenda na huku ni mhimili, lakini katika yote mawili jina limebaki na kitu chenyewe kimehama.

Mnajimu aliyesoma ana jibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Tangu Ptolemy wa Alexandria, katika karne ya 2 baada ya Kristo, wanajimu wa Magharibi huanza kuhesabu Punda siku ile ya Machi, nyota ziwe popote zilipo. Kwao Mshale ni jina la kipande cha mwaka. Wanajimu wengi wa India hupima kwa nyota zenyewe, ndiyo maana yule wa 9 Desemba anaweza kuwa Mshale London na kuwa Nge Mumbai. Kwangu jibu hilo laondoa kosa la hesabu na kuacha swali gumu zaidi: ikiwa nyota hazihusiki, kwa nini tabia ya mtu isomwe katika picha za nyota hizo?

Hata tarehe ya uhuru wa Tanganyika ilikuwa imepangwa kwanza kuwa 28 Desemba, kisha ikarudishwa nyuma. Kwa hesabu ya magazeti, taifa lilitoka Mbuzi likaingia Mshale kwa makubaliano ya wanasiasa. Kwa hesabu ya anga, tarehe 28 iliyoachwa ndiyo ambayo jua huwa mbele ya Mshale kweli.

Kumpa mtu nyota kwa tarehe peke yake kulienezwa na magazeti, hasa baada ya Agosti 1930, mnajimu R. H. Naylor alipoandika katika gazeti la Sunday Express kuhusu kuzaliwa kwa Margaret, mjukuu wa mfalme wa Uingereza. (Yeye, wa tarehe 21 Agosti, alikuwa Simba gazetini na Simba angani.) Mganga wa kitabu wa pwani hauulizi mwezi. Huuliza jina lako na la mama yako, hujumlisha thamani za herufi kwa abjadi, yaani hesabu inayoipa kila herufi ya Kiarabu namba yake, hugawa kwa 12, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha nyota yako. Kwake jua halina la kubisha.

Anayetaka kumwona Ophiuchus asimtafute Desemba, maana wakati huo yuko upande wa jua. Na asubiri Juni, atoke nje karibu na saa sita usiku, amtafute Nge kwa nyota yake nyekundu, kisha atazame kaskazini yake, karibu na utosi, penye nyota za mwanga wa wastani zilizotawanyika katika eneo kubwa.