Je, wajua? Rangi haizuii maji kukifikia chuma

Kwa nini geti lililopakwa rangi mwaka juzi pale Tanga, Mombasa au Unguja leo limejaa malengelenge, na ukiyakwaruza unakuta kutu? Jibu la haraka, ambalo utalisikia kwa mwenye nyumba na kwa muuza duka la vifaa vya ujenzi vilevile, ni kwamba rangi ilikuwa nyepesi, maji yakapenya. Dawa yake, tunaambiwa, ni kuongeza mkono wa tatu.

Jibu hilo linasimama juu ya dhana kwamba rangi hukifunga chuma kisipate maji wala hewa. Inaonekana ni jambo la wazi kiasi kwamba hakuna haja ya kulipima. Mwaka 1952 J. E. O. Mayne wa Chuo Kikuu cha Cambridge alichapisha hesabu zilizolipima. Alilinganisha maji na oksijeni vinavyopita kwenye utando wa rangi na vile vinavyotumiwa na chuma kitupu kinapoliwa na kutu nje. Vilivyopita kwenye rangi vilikuwa vingi zaidi. Maana yake ni kwamba chuma kilichopakwa hupata maji na hewa ya kutosha kuoza kama chuma ambacho hakijawahi kuonja brashi. Na bado hakiozi.

Siri ni kwamba kutu ni kazi ya umeme. Sehemu moja ya chuma huachia elektroni, na atomi zake huingia majini zikiwa ioni, yaani atomi zenye chaji ya umeme. Elektroni hupita ndani ya chuma hadi sehemu nyingine, ambako oksijeni na maji huzipokea. Mzunguko haukamiliki mpaka ioni nazo zisafiri kwenye unyevu kati ya sehemu hizo mbili. Hapo ndipo rangi inapofanya kazi yake ya kweli: molekuli ya maji inaiacha ipite, ioni inaikatalia.

Hesabu za Mayne hazikufunga mjadala. Rangi hazifanani, na baadhi ya zilizokuja baadaye hupunguza sana oksijeni. Kisha Mjerumani Werner Funke alisisitiza sharti jingine: rangi iendelee kushikana na chuma hata ikiwa imelowa. Ikiachia, unyevu hupata nafasi ya kutanda chini yake, na ioni zinapata njia.

Sasa turudi pwani. Upepo wa bahari huacha chumvi kwenye chuma hata kabla fundi hajafungua kopo. Akipaka juu yake, chumvi, ambayo ikilowa huachana kuwa ioni, imefungiwa ndani, na ioni ambazo rangi ilipaswa kuzizuia tayari ziko upande usiotakiwa. Ukikata embe bichi ukalinyunyizia chumvi kwa ajili ya achari, baada ya muda bakuli lina maji ambayo hukuyatia: chumvi imeyavuta kutoka ndani ya embe kupitia ngozi nyembamba za chembe zake hai (seli), ngozi zinazopitisha maji lakini si chumvi. Utando wa rangi ni ngozi ya namna hiyo. Chumvi iliyo chini huvuta maji yapite, yanakusanyika, rangi inanyanyuka, lengelenge limezaliwa. Kuongeza mkono wa tatu hapo ni kuchelewesha tu.

Wala mvua haihitajiki. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewa ikifika unyevu wa asilimia 75 hivi, jambo ambalo usiku wa Dar es Salaam haulionei shida. Magnesiamu kloridi, ambayo pia imo kwenye maji ya bahari, inatosheka na asilimia 33 hivi. Geti la pwani linaweza kuwa limelowa huku wewe ukiliona kavu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi gani, uliza chuma kimeoshwa na nini. Msasa na brashi ya waya huondoa kutu iliyolegea, ila chumvi iliyojificha kwenye vishimo hubaki. Inahitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, na si ya kisima chenye chumvi.

Baada ya hapo ndiyo uchaguzi. Redoksaidi, ile praima (rangi ya kwanza) nyekundu inayopendwa na mafundi, ina historia ya kuchekesha kidogo. Zamani praima nyekundu ilikuwa na oksidi ya risasi, ambayo kweli ilipambana na kutu lakini ni sumu. Wekundu wa leo ni oksidi ya chuma, ndugu wa kutu yenyewe, na peke yake haina dawa yoyote. Soma kopo: ikiandikwa zinki fosfeti, una kitu cha ziada cha kupambana na kutu. Praima yenye unga mwingi wa zinki hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa, kwa kuoza yenyewe badala ya chuma, lakini lazima iguse chuma kisafi. Ukiipaka juu ya redoksaidi umetupa pesa. Rangi ya epoksi, inayochanganywa kutoka makopo mawili, inashika vizuri sana, ila jua huifanya itoe unga, hivyo nje hufunikwa kwa rangi ya poliyurethani.

Mabati mapya ya zinki yasipakwe rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta yale na zinki hutengeneza sabuni, sabuni halisi ya kikemia, na rangi inabanduka kama ganda.

Daraja la Forth huko Scotland, lililofunguliwa 1890, lilipakwa upya kati ya 2002 na 2011 kwa epoksi yenye vipande vidogo vya kioo. Vipande hivyo hulala bapa ndani ya utando, maji na ioni vikalazimika kuzunguka kila kimoja. Geti la nyumbani halihitaji hayo. Linahitaji fundi anayejua kwamba rangi mbichi hujivuta kutoka kwenye kingo kali na kuziacha na utando mwembamba, kwa hiyo hutangulia kupitisha brashi kwenye kingo na maungio ya weldi peke yake, kisha ndipo anapaka geti zima.