Bado Nina Chokaa Kwenye Vali: Ufafanuzi kwa Waliowekewa Vali ya Aota kwa Katheta

Malalamiko yameongezeka kliniki, hasa kwa waliotibiwa nje ya nchi kwa kuwekewa vali ya aota (mlango wa damu itokayo moyoni) kupitia katheta, yaani mrija mwembamba unaopitishwa mshipani: "Nimewekewa vali mpya, mbona picha ya CT inaonyesha kalsiamu (chokaa) ileile?" Wengine wanadai wametapeliwa. Hawajatapeliwa. Tangu daktari wa moyo Alain Cribier alipoifanya kwa mara ya kwanza huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, tiba hii haiondoi vali ya zamani. Vali mpya hutanuliwa ndani yake, na chokaa husukumwa pembeni ikabaki hapo. Anayeondolewa vali iliyochakaa ni yule anayepasuliwa kifua.

Hatusemi chokaa hiyo haina madhara. Donge likikaa vibaya, vali mpya haibani vizuri na damu huvuja kando yake. Njia ya umeme wa moyo ikigandamizwa, mapigo hushuka na mgonjwa anaweza kuhitaji betri ya moyo (pacemaker).

Na vali mpya nayo, kwa kuwa imetengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe au nguruwe, huweza kuota chokaa miaka ikienda. Hilo halitoi dalili mapema. Linajulikana kwa eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti. Eko ya kwanza hufanyika ndani ya siku 30, ya pili mwaka ukitimia, kisha kila mwaka. Njoo na ripoti ya ile ya kwanza, kwani bila hiyo hatuna cha kulinganisha nacho, na kadi ya vali yenye aina, saizi na tarehe. Nakala ya simu inakubalika ikiwa inasomeka. Asiye na kadi hafukuzwi, ila atasubiri tuwasiliane na hospitali iliyomtibu, na majibu huchelewa.

Kuhusu dai kwamba maziwa ndiyo huleta chokaa, tunaomba liachwe. Chokaa ya vali haitokani na glasi ya maziwa wala dagaa. Seli za vali zenyewe hubadilika zikaanza kujenga kitu kama mfupa, hasa kwa wazee, wenye figo mbovu na waliozaliwa na vali yenye vipande viwili badala ya vitatu. Ndimu na siki haziiyeyushi. Mgonjwa wa figo afuate chakula alichopangiwa.

Kabla ya kung'oa jino, mwambie daktari una vali bandia ili upewe antibayotiki. Ukipata homa isiyoeleweka, usianze dawa za dukani: damu ichukuliwe kwanza ioteshwe maabara kutafuta vijidudu. Aspirini usiiache bila kuambiwa na daktari wako wa moyo.