"Breki Zangu Zinashika Vizuri Tu": Yanayosemwa Kuhusu Breki za Baiskeli Zinazorudishwa

Kampuni ikitangaza kwamba kipuri fulani cha breki kina kasoro na kirudishwe, wenye baiskeli wengi hubonyeza mkono wa breki mara mbili, wakaona gurudumu linasimama, wakapanda na kwenda zao. Jaribio hilo halionyeshi lolote kuhusu kasoro iliyotangazwa.

"Zinashika, kwa hiyo hazinihusu."

Mwishoni mwa 2013 kampuni ya SRAM ya Marekani iliagiza breki zake za mafuta (zinazosukumwa na mafuta badala ya waya) za baiskeli za barabarani zirudishwe, karibu seti 19,000. Katika hali ya hewa ya kawaida zilikuwa zinashika bila wasiwasi. Adui yake alikuwa baridi: halijoto iliposhuka chini ya sifuri, sili za mpira zilizo ndani (vizuizi vya kuzuia mafuta yasivuje) zilishindwa kuzuia mgandamizo wa mafuta, na nguvu ya breki ikapotea ghafla. Fundi mzuri kiasi gani angeligundua hilo kwa macho, katika karakana yenye joto?

Tena kuna jambo wengi hawalijui. Tangazo la kwanza lilihusu sehemu tu ya breki hizo. Baadaye, ziliposhindwa katika mashindano ya kwenye baridi, zikaingizwa zote. Kwa hiyo kusema "niliangalia, yangu haimo" hakutoshi. Na wale wanaodhani kampuni husubiri watu waumie kwanza, wajue kwamba katika tukio hili hakukuwa na jeraha lolote lililoripotiwa.

"Hilo ni kosa la mwendeshaji, si la kipuri."

Dhana hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu ina chembe ya ukweli. Chukua wenzo wa kwenye ekseli, ule unaofungua gurudumu la mbele bila spana. Mwaka 2015 kampuni ya baiskeli ya Trek iliagiza zirudishwe baiskeli zenye wenzo huo pamoja na breki ya diski (ile inayobana sahani ya chuma kwenye gurudumu): karibu 900,000 Marekani na 98,000 Kanada. Wenzo ukiachwa wazi au ukifungwa vibaya, uliweza kuzunguka kupita kiasi hadi ukaingia kwenye diski. Gurudumu likasimama papo hapo au likachomoka, na aliye juu akarushwa mbele. Mmoja wa waliopata ajali hiyo alipooza mikono na miguu.

Ni kweli, ukiufunga sawasawa hakuna balaa. Lakini nani hajawahi kusahau? Kipuri ambacho usahaulifu wa mara moja unakigeuza kabari kwenye gurudumu la mbele kimebuniwa vibaya, na ndiyo maana wenzo uliobadilishwa haukuweza kufunguka kufika huko. Kujipima ni rahisi: fungua wenzo mpaka mwisho, uuzungushe usawa wa diski, kisha pitisha penseli ya kawaida katikati ya wenzo na diski. Isipopita, yaani nafasi haifiki milimita 6, usiipande baiskeli hiyo.

"Baiskeli yangu ni ya jina jingine."

Jina lililoandikwa kwenye fremu ni la aliyeiunganisha. Breki, wenzo na waya mara nyingi hutoka viwanda vingine, na kiwanda kimoja huuzia wengi. Septemba mwaka uleule 2015, kampuni 13 zilitangaza kwa pamoja kasoro ileile ya wenzo, baiskeli zaidi ya milioni 1. Soma basi jina na namba iliyo kwenye breki yenyewe, si namba ya fremu peke yake (hii kwa kawaida imegongwa chini, katikati ya pedeli). Kama breki ilishabadilishwa, namba ya fremu haitakuambia kitu.

"Nilinunua mtumba, risiti sina."

Tangazo hufuata kipuri, si risiti. Hii si garanti: lile la Trek liligusa hata baiskeli za mwaka 2000, ambazo zilikuwa na miaka 15. Marekani, tangu sheria ya 2008, ni kosa kuuza kitu kilichotangazwa kurudishwa, hata kama ni mtumba.

"Watanipokonya baiskeli."

Mara nyingi hubadilishwa kipuri tu, bure. Trek iliweka wenzo mpya na kutoa kuponi ya dola 20 juu yake.

Kukaza waya au kubadilisha raba za breki wakati unasubiri hakuponyi kasoro iliyo ndani. Tangazo likisema acha kuitumia mara moja, safari ya kwenda kwa muuzaji nayo imo. Isukume.