Nabudere na ibara ya 269

Mezani kwangu hapa Mbale nina nakala mbili za Katiba ya Uganda. Moja ni ya 1995, jalada limechakaa na kurasa zinashikiliwa na gundi. Nyingine ilichapwa baada ya marekebisho ya 2005. Kila mwaka, nikifundisha historia ya katiba, wanafunzi wangu huzifungua zote mbili kwenye ibara ya 269. Ya zamani inaorodhesha ambayo chama cha siasa hakiruhusiwi kuyafanya: kufungua matawi, kuitisha mkutano wa wajumbe, kufanya mikutano ya hadhara, kusimamisha mgombea. Chama kipo, ila kimefungwa mikono na miguu. Kwenye nakala mpya, pale pale, wanakuta imefutwa.

Hapo ndipo huwa naanza kumzungumzia Dan Wadada Nabudere, mwanasheria wa huku kwetu Bugisu. Obote alimweka kizuizini mwaka 1969. Amin akampa uenyekiti wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, naye akajiuzulu 1973 na kukimbilia Dar es Salaam, akafundisha sheria chuo kikuu. Wapo wasiomsamehe mpaka leo kwa kukubali cheo kile. Mimi namhesabia kwamba alikiacha mapema, wakati wenzake wengi walikuwa bado wanasubiri kuona.

Machi 1979 wakimbizi wa Uganda, vikundi vyenye ugomvi wa miaka, walikutana Moshi, Tanzania, wakaunda UNLF, muungano wa kumng'oa Amin. Nabudere alipewa tume ya siasa na diplomasia, Paulo Muwanga akapewa ya kijeshi. Ukiushika mgawanyo huo, yaliyofuata hayatakushangaza. Amin alipoanguka, UNLF ikashika serikali chini ya Rais Yusuf Lule, na Edward Rugumayo akaongoza Baraza la Ushauri la Taifa, bunge la muda. Baraza lilidai kwamba mawaziri wa Lule lazima liwathibitishe lenyewe. Lule akakataa, na siku ya 68 ya urais wake wakampigia kura ya kutokuwa na imani, akaondoka. Kisheria hoja ilikuwa nzito. Mitaani Kampala watu waliandamana wakimtaka Lule wao, kwa sababu hao wajumbe hawakuwa wamewachagua. Walikuwa wamechaguana huko Moshi.

Mei 1980 tume ya Muwanga ikamwondoa pia Binaisa, mrithi wa Lule. Safari hii hakuna aliyehesabu kura. Nabudere akarudi ugenini.

Aliporejea miaka ya tisini, alifanya ambalo 1979 halikufanyika: alikwenda kuomba kura. Uchaguzi wa Bunge la Katiba ulikuwa Machi 1994, na Budadiri Magharibi wakampa. Kampeni za huku mlimani Elgon si za hotuba ndefu. Unapanda kwa miguu kwenye utelezi, unakaa msibani na kwenye ngoma za jando, unaulizwa barabara ya kushushia kahawa itatengenezwa lini. Hapo vitabu vyako havikusaidii sana.

Bungeni akawa miongoni mwa viongozi wa kambi ya vyama vingi. Na kwenye kiti cha mwenyekiti alikaa nani? James Wapakhabulo, Mgisu mwenzake, aliyesoma sheria Dar es Salaam na kuishi uhamishoni Tanzania enzi za Amin. Mlima mmoja, uhamisho mmoja, kambi mbili. Ndiyo maana huwa nabisha nikisikia kwamba uhamisho humfanya mtu mwanamageuzi. Unampa muda, vitabu na marafiki. Kura za wenzake ukumbini hazimo.

Nazo hazikutosha. Mfumo wa Movement, yaani siasa bila ushindani wa vyama, ulipopitishwa, kambi ya vyama vingi ikatoka nje, na Katiba ikatangazwa tarehe 8 Oktoba 1995 ikiwa na ile 269. Nabudere akarudi zake Mbale kwenye utafiti na taasisi ya elimu ya Kiafrika aliyoiasisi, hadi alipofariki Novemba 2011.

"Kwa hiyo mwalimu, 2005 alishinda?" Swali hili halikosi. Huwa nawaambia wasubiri, warudi nyuma hadi ibara ya 105. Nakala ya 1995 inasema rais asizidi mihula miwili. Kwenye mpya, ukomo huo haumo. Umeondolewa na sheria ile ile iliyofuta 269.