"Tutarekebisha kwenye kompyuta": Dhana Potofu Kuhusu Kuhariri Video ya Wimbo

Wanafunzi wengi wa Nairobi wanaotengeneza video ya wimbo huilaumu programu kazi ikiharibika. Mara nyingi programu haina kosa. Tatizo liliingia siku ya kurekodi, na hakuna efekti ya kulifuta.

"Programu ya bure itaacha chapa yake kwenye video"

DaVinci Resolve ya bure haiweki chapa usipogusa efekti za toleo la kulipia, na hutoa video ya hadi pikseli 3840 kwa 2160, fremu (yaani picha moja moja) 60 kwa sekunde. Toleo la kulipia, la dola 295, huongeza vitu kama kusafisha chembechembe za picha za usiku kwa kulinganisha fremu. Kazi ya darasani haihitaji hayo.

Laptopu ikikwama, sababu mara nyingi ni aina ya faili. Simu hurekodi kwa H.264 au H.265, mbinu za kubana video ambazo huhifadhi fremu chache kamili na kuandika zilizobaki kama tofauti tu, kwa hiyo kila ukisogeza mshale kompyuta inapiga hesabu upya. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za 1280 kwa 720 katika DNxHR au ProRes, aina za faili zisizoilemea kompyuta, uhariri nazo. Wakati wa kutoa kazi, hakikisha programu imerudi kwenye faili asili, la sivyo utapeleka video yenye ukungu ukidhani kamera ni mbovu.

"Mwendo wa polepole unaongezwa baadaye"

Hapa ndipo video nyingi zinapoharibika. Klipu ya fremu 25 kwa sekunde ikipunguzwa kasi kwa nusu, programu inalazimika kurudia kila fremu au kubuni za katikati. Ikirudia, picha inarukaruka. Ikibuni, vidole na rasta zinayeyuka kama plastiki kwenye jiko.

Rekodi kwa fremu 50, kisha kwenye sifa za klipu iambie programu iisome kama 25. Ila midomo nayo itapungua kasi. Kwa hiyo wimbo unaopigwa kwenye spika siku ya kurekodi lazima uende kwa kasi maradufu, asilimia 200. Kiitikio cha sekunde 20 kinakwisha kwa sekunde 10, na mwimbaji anafuata hivyo hivyo. Klipu ikipunguzwa, midomo inarudi kwenye wimbo wa kawaida huku nguo na nywele zikielea. Kwa rapu ya haraka jambo hilo haliwezekani, hakuna ulimi wa kuifuata. Tumia fremu 30 na wimbo wa asilimia 120: ukisomwa kwa 25, mwendo unakuwa mzito kidogo tu, na unapendeza kuliko watu wanavyotarajia.

Andaa faili hizo za wimbo nyumbani na uzipe majina yanayoeleweka. Kuzitafuta mkiwa juu ya paa Eastleigh, jua likizama, ni kupoteza mwanga.

"Sauti ya kamera ni takataka, izime"

Usiizime. Hautaitumia kwenye kazi ya mwisho, lakini ndiyo inayoiwezesha programu kulinganisha mawimbi ya sauti ya klipu na yale ya WAV, yaani faili la wimbo ulilopewa na prodyuza. Weka spika karibu na mwimbaji, na ukumbuke kwamba sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde: kamera iliyo mita 14 mbali husikia fremu nzima baadaye, kwa mwendo wa fremu 25. Klipu hizo zisogeze mbele (kulia) kwa fremu moja baada ya kulinganisha.

Midomo ikianza sawa kisha ikaachana na wimbo polepole, hilo ni jambo jingine. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kulingana na mwanga. Funga idadi hiyo kwa programu ya kamera kama Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure. Kama mmesharekodi, pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na uchague idadi isiyobadilika kabla ya kuanza kukata.

"Mistari inayotambaa ukutani huondolewa kwa efekti"

Stima ya Kenya ni ya hezi 50, hivyo taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu hupokea mwanga, kuwa sekunde 1/50 au 1/100. Simu iliyoachwa kwenye 1/60 itachora mistari, na kuiondoa baadaye hula siku na huacha madoa usoni.

"Kitambaa chochote cha kijani kinatosha"

Kitambaa hicho hufutwa na programu ili picha nyingine iwekwe nyuma ya mwimbaji. Satini hapana, inang'aa. Nunua pamba isiyong'aa Biashara Street, angalau mita 3 kwa upana, na uipige pasi, kwa sababu kila mkunjo una kivuli na kila kivuli ni kijani tofauti. Mulika kitambaa kwa taa mbili, moja kila upande, na mwimbaji kwa taa zake mwenyewe. Asimame mita 2 mbele ya kitambaa. Akikikaribia, kijani humrukia shingoni na mashavuni, na ngozi inaonekana kama ya mgonjwa. Jezi ya Gor Mahia ni ya kijani, ibaki nyumbani. Ya Leopards haina shida.

Kosa lisiloonekana kwa macho ni hili: simu huhifadhi rangi moja kwa kila pikseli nne. Ndiyo maana kingo za nywele zilizosukwa huliwa. Rekodi kwa 3840 kwa 2160 hata kama video itatoka kwa 1920 kwa 1080. Picha ikipunguzwa, rangi zinatosha. Kabla ya kufuta kijani, chora umbo kumzunguka mwimbaji ili taa, stendi na pembe za kitambaa zitoke kwanza. Kisha linganisha mwelekeo wa mwanga. Picha ya jengo la KICC iliyopigwa saa sita mchana, jua karibu utosini, haiwezi kukaa nyuma ya uso uliomulikwa kutoka kushoto. Itaonekana imebandikwa, na watazamaji watajua hata wasipoweza kusema kwa nini.

"Kata kwenye kila pigo"

Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika una fremu 15 kati ya pigo na pigo. Ukikata kila mara, jicho linachoka kabla ya ubeti wa pili. Acha beti zipumue, harakisha kwenye kiitikio, na ukate fremu moja au mbili kabla ya pigo.

"Sekunde saba za wimbo wa mtu ni halali"

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 haina hesabu ya sekunde kama hiyo. Mfumo wa YouTube nao unaweza kutambua kipande kifupi sana.

"Faili kubwa ndilo bora"

Kwa 1920 kwa 1080 na fremu 25, YouTube hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde. Wimbo wa dakika 4 ni takriban megabaiti 240, kiasi ambacho bando la kawaida linabeba. Msimamizi akiomba kuiona kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video itabanwa, naye atawarudishia maoni kuhusu rangi ambazo hamkuziweka.